Kavu Niliyoiandika Asubuhi

Ninyi vijana mliokuja mwezi uliopita kufunga kile kifaa cha sola cha kupimia maji pale Korongo la Mnyolo, mlininunulia soda na mimi nikawalipa uongo. Tangu siku ile sina raha. Nimeomba daftari la mjukuu wangu niandike haya, na wewe Neema, uliyeuliza lile swali, uwasomee wenzako. Mwandiko wangu ni mbaya lakini unasomeka. Ofisi ya maji Kilosa waliusoma miaka mingi bila kulalamika, au walilalamika wenyewe kwa wenyewe.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa nini, maana hata watoto wangu hawakuielewa. Nilikuwa msoma geji. Geji mnaijua, ule ubao wenye namba unaosimamishwa ukingoni mwa mto. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni nasimama mbele yake, naangalia maji yamefika namba gani, naandika. Mwisho wa mwezi karatasi zinapelekwa Kilosa. Wenzangu waliopangiwa Kidete, kwenye Mkondoa, walikuwa na mto wa kweli, maji mwaka mzima, treni zinapita, mtu anajiona yuko kazini. Mimi nikapangiwa korongo huku Malolo. Miezi saba, mwaka mwingine minane, hakuna hata tone juu ya ule mchanga. Naamka, natembea nusu saa, nyani wananikodolea macho, naandika "kavu". Jioni narudi tena, "kavu". Watu wakanibatiza jina, Bwana Kavu. Mke wangu Zuhura, Mungu amrehemu, akawa Mama Kavu. Alikasirika mwanamke yule! Wiki nzima nilikula ugali na chumvi, kana kwamba jina nilijipa mwenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, msoma geji wa zamani wa Kidete. Alikuja kukaa nami wiki mbili, mzee mkavu, mkali, hana mzaha na daftari. Siku ya kwanza kabisa nikaandika sifuri. Akanipokonya kalamu.

"Sifuri umeitoa wapi?"

"Si hakuna maji, mzee?"

"Sifuri maana yake maji yamegusa mguu wa geji. Hapo maji yako wapi? Ukimwaga soda yako hapo itaonekana? Andika kavu. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, tia saini. Usifute. Na usiandike kitu ambacho jicho lako halijakiona. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Msidhani nilikosea hilo tu. Mwaka wa pili mvua zilipoanza nilisoma maji wiki tatu nzima, nikajiona fundi, kumbe tembo alikuwa amekuja kujikuna kwenye ile nguzo na geji imelala upande. Mimi nasoma tu. Kilosa wakashangaa korongo gani hili linajaa kuliko mito ya wenzake. Mzee Salehe akapanda basi kutoka Kidete hadi Mikumi, akaunganisha mpaka huku, akaiangalia nguzo, akaniangalia mimi. "Wewe bwana," akasema, "wiki tatu umekuwa unapima makalio ya tembo." Tangu siku hiyo kila Jumatatu nilikuwa nafunga jiwe kwenye uzi, nauning'iniza kando ya geji, naangalia kama imesimama wima. Na ninyi kile kifaa chenu mkifungie kitu cha kukilinda. Tembo wa upande wa hifadhi hawajui sola ni nini, na nguzo nzuri kwao ni ya kujikunia tu.

Lakini nisiwadanganye mkafikiri korongo kavu ni mahali pa kuchosha. Mwaka wa kwanza nilichoka. Baadaye nikaanza kuona. Mto ule haukauki, unajificha chini. Mwezi wa nane, jua linapasua mawe, migunga imebaki miiba, huku juu huoni ila vumbi, lakini mikuyu ya ukingoni ina majani mabichi kabisa. Tembo anashuka, anasimama mahali, ananusa, anaanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele. Anachimba, anangoja maji yajikusanye taratibu, anakunywa, anaondoka. Akishaondoka wanakuja wengine kwenye shimo lake. Ngiri, swala, kanga, digidigi na mkewe, wote kwa zamu. Nyani wanaingia bila zamu, nyani hana adabu.

Kwenye kingo za udongo kulikuwa na keremkerem, wale ndege wa rangi wanaokula nyuki. Wanatoboa viota ukutani, mamia. Mzee Salehe alinionyesha. "Angalia tundu la chini kabisa," alisema. "Chini ya hapo ndipo maji ya mwaka wa kawaida yanapofika. Ndege hawezi kumlaza mtoto wake majini." Basi kila mwaka nilipima tundu la chini kabisa nikaliandika pembeni mwa daftari. Kilosa hawakuniuliza kamwe yale maandishi ya pembeni ni nini. Ninyi myatafute, yana faida.

Na maji yenyewe. Hapa msome polepole, maana kifaa hakina pua. Korongo la Mnyolo haliji na mvua ya kwako. Linakuja na mvua ya milimani, huku kwako jua linawaka na nguo kwenye kamba zimekauka. Mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashika, ukiona kule milimani kumekuwa kweusi mchana, usiondoke. Kaa. Utaona sisimizi wanapanda kingo wamebeba mayai. Nyani wanavuka upande mmoja, wote, hata wavivu. Kisha kinakuja kiupepo cha baridi, kinateremka na mkondo wa korongo, kina harufu ya matope. Hapo umebakiwa na muda wa kumaliza kikombe cha chai, tena chai ya moto. Baada ya hapo yanakuja, siyo maji kwanza, ni takataka, vijiti, mavi ya tembo, povu, ukuta mzima unatembea, na maji yako nyuma yake yanausukuma. Mtu akiwa katikati hapati pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo Mzee Salehe alipata kipande cha reli kuukuu, tukakitundika kwenye tawi la mkwaju kando ya geji, na nyundo yake. Haikuwa kazi ya ofisi. Ofisi haikujua. Ilikuwa kazi ya mtu anayesimama pale kila siku na kuona. Yakija, unagonga mapigo matatu matatu bila kuacha, na kila aliye mchangani anatoka.

Maana watu walikuwemo mchangani kila siku. Kiangazi kila mtu anachimba kisima chake humo, wanawake wetu wa kijijini kwa ndoo, na wafugaji wa ng'ambo kwa ng'ombe wao. Hivi visima vya wafugaji si vya mchezo. Mwezi wa kumi kimoja kinaweza kumpita mtu mzima kimo mara mbili. Mmoja anashuka chini, anachota, anampa aliye juu, anamwaga kwenye hori. Na aliye chini anaimba. Anawaimbia ng'ombe, kwa majina, kila mmoja na wimbo wake, wanatulia wanangoja zamu. Hukuti mfugaji kisimani amenyamaza.

Huko ndiko nilikojuana na Lekishon. Mfugaji wa ng'ambo, rika langu, mrefu, mcheshi kupita kiasi. Kijijini kwetu wakulima na wafugaji walikuwa wanatazamana kwa jicho baya, mazao yameliwa, ng'ombe amekatwa, mnayajua hayo. Sisi wawili tulikuwa tunakaa ukingoni tunagawana ugoro. Alikuwa ananicheka. "Bwana Kavu, serikali inakulipa kuangalia mchanga. Na mimi waambie wanilipe, nauangalia bure." Nami namwambia ng'ombe wake wanakunywa maji yangu bila kibali. Mtoto wangu wa tatu alipougua surua ndiye aliyeleta maziwa kila asubuhi, siku kumi na tatu, akivuka korongo kwa miguu. Hakutaka hata asante.

Siku moja nikamuuliza, ukiwa chini kule unaimba, kweli utaisikia reli? Akasema tujaribu. Akashuka kwenye kisima chake kirefu kabisa akaanza kuimba kwa makusudi, sauti yote. Nikaenda nikagonga. Akatoka anacheka, mchanga mpaka kwenye kope. "Naisikia kwa miguu!" alisema. "Inapita kwenye mchanga. Hata mfu ataisikia!" Akawasimulia watu wote ng'ambo na huku, kwamba ile reli haina kiziwi. Watu wakaamini, na ilikuwa kweli. Likumbukeni jaribio hilo, maana ndilo lililoliangamiza jina lake.

Sasa nafika pale nisipopataka.

Mpwa wangu alikuwa anaoa Ruhembe, kule kwenye miwa. Harusi Jumamosi. Mimi ndiye mjomba, sina budi kuwepo. Kutafuta mtu wa kunishikia kazi siku moja ilikuwa rahisi, wapo, ningemfundisha kwa robo saa. Lakini niliona aibu ya kumwomba mtu aje kuandika "kavu". Angecheka. Nikasema mwisho wa kiangazi huu, wiki nne sijaona wingu, nani atajua? Asubuhi nikasimama mbele ya geji. Nikaandika, saa moja asubuhi, kavu. Na papo hapo, wino uleule, mstari wa chini, saa kumi na moja jioni, kavu. Nikafunga daftari, nikapanda basi la Mikumi, nikaunganisha.

Harusi ilifana. Nilicheza. Nawaambia ukweli, nilicheza sana.

Yalikuja saa kumi alasiri. Jua lilikuwa linawaka, waliokuwepo walisema hivyo. Wanawake wa kijijini walikuwa wameshaondoka. Lekishon alikuwa chini kisimani, na mpwa wake juu anapokea ndoo. Mpwa aliona ule ukuta wa takataka kwenye kona, akapiga kelele, akakimbia, akapona. Lekishon alikuwa anaimba. Walimpata siku ya pili, mbali kule chini, kwenye mizizi ya mkuyu.

Nilirudi Jumapili asubuhi. Nilipofika ukingoni nikakuta geji imezikwa nusu na mchanga mpya, na watu wamejaa. Mwenyekiti wa kijiji akanifuata, mtu mwema, hana nia mbaya. Akaniuliza neno moja.

"Uligonga?"

Nikasema, "Niligonga."

Basi. Hiyo ndiyo yote. Ningekuwa na muda wa kufikiri pengine ningesema lingine, sijui. Nimejitetea hivyo miaka mingi na utetezi wenyewe haunisaidii. Waliojua nilikokuwa walikuwa Ruhembe, na hakuna aliyekwenda kuwauliza. Zuhura alijua. Usoni mwake niliona amejua, na hakulisema mpaka anaingia kaburini. Nilimtwika na yeye mzigo wangu.

Lile neno langu lilifanya nini, sikujua siku ile. Kama reli iligongwa, na reli haina kiziwi, na mwenyewe Lekishon ndiye aliyewahakikishia watu, basi alisikia. Alisikia akakaidi. Watu wakaunga hadithi: alitaka kumnywesha ng'ombe wa mwisho. Huku kijijini wakawa wanatikisa vichwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huko ng'ambo wakasema alikuwa na tamaa ya mifugo kuliko watoto wake. Nami napita katikati ya maneno hayo na daftari kwapani. Mpwa wake alijaribu kusema hakusikia kitu, wakamwambia ulikuwa unakimbia, utasikia nini?

Siku moja mnadani nilimkuta mjane wake, mama Lemayani, anamgombeza mwanawe, kijana ameshabalehe. "Kichwa kigumu kama baba yako! Na wewe utakufa unasikia!" Nilisimama nyuma yao. Ningeweza kumgusa bega. Nikanunua chumvi nisiyoihitaji nikaenda zangu.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu ilinifikisha hadi kustaafu, na cheti nikapewa, na mkono nikashikwa.

Kisha mkaja ninyi. Neema akakaa na madaftari yangu ya zamani na yale ya kipima mvua cha milimani, akayalinganisha. Akanifuata barazani kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kuna siku moja haikai sawa. Milimani mvua kubwa tangu mchana. Kesho yake umeandika geji imezikwa nusu. Lakini jioni ya siku yenyewe umeandika kavu. Maji yalipita saa ngapi?"

Nikamwambia yalipita usiku. Akaandika. Akasema asante mzee, akaondoka na kalamu yake. Nikabaki nawaza: yule binti ameuliza bila kumjua aliyekufa, na mimi nimemzika Lekishon mara ya pili. Neema mwanangu, yalipita saa kumi alasiri. Ile kavu ya jioni ni ya uongo. Usiifute, piga mstari mmoja, andika pembeni, nitakuja kutia saini. Kimo cha maji siku ile sikijui, wala usikubali mtu akubunie. Andika "hakikupimwa".

Ofisi nimeshaiambia, kwa hiyo, kwa barua hii. Lakini aliyestahili kuambiwa kwanza hayuko ofisini.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilivuka. Mama Lemayani nimemkuta nje ya nyumba yake anasugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kukisafisha. Amezeeka, kama mimi. Alifurahi kuniona.

"Karibu, Bwana Kavu! Umepotea! Kaa, niweke chai."

"Usiweke chai, mama Lemayani. Kwanza nisikilize. Ukishanisikiliza, ukitaka kuniwekea utaniwekea."

Akakiweka kibuyu chini. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana niliona kukaa ni kuomba uzito upungue. "Ile siku ya maji, reli haikugongwa. Sikuwepo. Niliandika kavu asubuhi nikaondoka. Walipouliza nikasema niligonga. Nilidanganya."

Kuku wakapita katikati yetu.

"Ulikuwa wapi?"

"Harusini. Ruhembe."

"Mlikula nini?"

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akarudia, taratibu, anataka kujua kweli.

"Pilau," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Akashika kijinga chake, akakiangalia, akakirudisha motoni.

"Kwa hiyo hakusikia," akasema.

"Hakukuwa na kitu cha kusikia, mama."

"Watoto wanne," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Wa mwisho hajaota meno. Nikasema umesikia reli ukaniacha na watoto wanne kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Wenzangu walilia. Mimi nilikataa. Nikasema mtu aliyenidharau hivi simlilii. Mpaka leo sijamlilia. Kila Lemayani akikosea nimemrushia baba yake usoni. Miaka yote hii nimegombana na mtu ambaye hakufanya kitu."

Nilingoja anitukane. Nilikuja nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa na wanawe, na ningewashukuru. Hakunitukana. Ni kama alishanisahau pale. Akavuta shuka yake akajifunika kichwa, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Baba Lemayani," akasema humo ndani ya shuka. "Hukusikia. Kumbe hukusikia."

Kisha akalia. Akalia kilio cha siku ya kwanza ya msiba, sauti nzima, mpaka wakaza wanawe wakatoka mbio nyumbani kuuliza nani amekufa. Nikafungua mdomo nimwambie pole, neno ambalo hata mpita njia asiyemjua marehemu ana haki nalo. Mimi sikuwa na haki nalo. Nikabaki nimesimama katikati ya wale wakaza wana, wananiuliza mimi, kwa adabu, "Mzee, shikamoo, ni nani aliyefariki?"